UZI: Seti za vifaa vya shule kutoka nje ya nchi. Ni lini sanduku ni "seti" mbele ya URA (mamlaka ya kodi ya Uganda), na namba ya HS (namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa za forodha) ni ipi?

#1 DukaKikuubo

Heshima kwenu wote. Naleta swali moja lenye mafungu manne. Naomba tujibizane kwa namba na kanuni, maana jibu la "wenzako hupitisha hivi" halimsaidii mtu akishaulizwa na ofisa.

Mzigo unatoka Yiwu, China, unashuka Mombasa, unaingia Uganda kwa mpaka wa Malaba. Kwenye ankara muuzaji ameandika "seti za vifaa vya shule" kwa bidhaa zote nne na kuziwekea namba moja tu, 4820. Ndani kuna hivi:

A. Sanduku la bati lenye bikari, divaida, pembetatu mbili za kuchorea, kipimapembe, rula ya sm 15, penseli moja, raba na kichongeo. Masanduku 144 kwa katoni.

B. Kipochi laini cha PVC chenye zipu. Ndani penseli mbili za HB, raba, kichongeo na rula ya sm 15.

C. Mkoba wa plastiki wa kupaka rangi: penseli za rangi 12, makapeni (kalamu za ncha ya felti) 12, kreyoni za nta 12, rangi za maji vidonge 12 na brashi moja.

D. Begi la mgongoni la mtoto, ndani daftari sita, kalamu za bolpeni nne, sanduku moja la aina ya A, kontena la plastiki la chakula na chupa ya maji ya plastiki.

Tamko la forodha linawekwa kabla mzigo haujatoka Mombasa, kwa hiyo nataka namba ziwe tayari.

#2 TarifuUG

Dada, kabla ya lolote ondoa 4820 ya muuzaji akilini. Namba 48.20 ni ya daftari, rejista, mafaili na vitu vya karatasi vya aina hiyo. Sanduku la bati lenye bikari haliingii humo kwa njia yoyote. Tena namba ya China ina tarakimu kumi, na kinachofanana na chetu ni zile sita za mwanzo tu. Ya saba na ya nane ni za Afrika Mashariki. Kunakili namba ya muuzaji nzima nzima ni chanzo cha makosa mengi kwenye bidhaa hizi.

Sasa mpangilio wa kufikiri. Kanuni za Jumla za Ufasiri wa HS ziko sita na hufuatwa kwa zamu. Kanuni ya 1 inasema usome maneno ya namba yenyewe pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Watu hurukia Kanuni ya 3(b), inayoipa seti nzima namba ya kitu kinachobeba sifa yake kuu, bila kuuliza kama ipo namba inayoitaja seti hiyo waziwazi. Mfano: kalamu ya bolpeni na penseli ya kubonyeza zikiwa pamoja kwenye kijisanduku cha zawadi zina mahali pake, 9608.50, seti za vitu vya namba ndogo mbili au zaidi za 96.08. Hapo huhitaji kubishana kuhusu sifa kuu.

Ikiwa hakuna namba inayoitaja, ndipo 3(b). Na hapo neno "seti" lina masharti matatu, yote lazima yatimie:

Kwanza, vitu visivyopungua viwili ambavyo kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kina namba tofauti ya tarakimu nne. Uma sita za aina moja si seti kwa maana hii.

Pili, viwe vimewekwa pamoja kwa ajili ya hitaji moja mahususi au kazi moja mahususi.

Tatu, viwe vimefungwa kwa namna inayomfikia mnunuzi wa mwisho bila kufungashwa upya.

Sharti moja likianguka, hakuna seti. Kila kitu kinakwenda kwa namba yake na kodi yake.

Fungu lako A ni jepesi kuliko yote, kwa sababu Maelezo ya Ufafanuzi ya WCO (Shirika la Forodha Duniani) yenyewe yana mfano unaokaribia kufanana nalo: seti ya kuchorea yenye rula, kikokotoo cha duara, bikari, penseli na kichongeo kwenye kipochi cha plastiki, na yote yamepelekwa 90.17. Vifaa vya kuchorea ndivyo vinavyoipa seti ile sifa yake kuu, penseli na kichongeo ni wasaidizi. Kwa hiyo A ni 9017.20. Sanduku la bati halitengwi. Limetengenezwa kwa vifaa hivyo, linatunza vifaa hivyo kwa muda mrefu, na huuzwa navyo. Kanuni ya 5(a) inataja visanduku vya vifaa vya kuchorea kwa jina.

#3 WakalaMalaba

Naunga mkono A. Niongeze ya kiutendaji, maana hapa ndipo A hukwama ingawa namba ni sahihi.

Angalia safu ya kipimo kwenye kitabu cha tarifu (orodha ya namba na viwango vya ushuru). Vifaa vya 9017.20 huhesabiwa kwa idadi. Katoni moja ina masanduku 144, yaani vipande 144, si vipande 144 mara tisa. Muuzaji akiandika kwenye orodha ya upakiaji idadi ya vitu vya ndani, bei ya kimoja kwenye mfumo inashuka ajabu, na mfumo au ofisa ataiona kama thamani iliyoshushwa. Penseli, kwa upande mwingine, hupimwa kwa kilo, na bolpeni kwa idadi. Kila mstari wa tamko usome kipimo chake.

Jingine: uzito halisi wa mistari yote ujumlishwe na ulingane na orodha ya upakiaji, na uzito wa jumla ulingane na manifesti. Tamko likigawanywa mistari mingi kwa sababu ya mafungu kama D, watu hukadiria uzito wa kila mstari kwa jicho, jumla inazidi uzito wa konteina, na tamko linarudi.

#4 KliaNakawa

Kwenye B sitaki tukubaliane haraka, kwa sababu mawakala wengi huliweka 9017.20 kwa hoja ya kuwa "lina rula". Rula moja ya sm 15 haitoshi kuifanya seti nzima iwe ya vifaa vya kuchorea.

Tukague kitu kimoja kimoja. Penseli zenye risasi ndani ya mti ni 9609.10. Rula ni ya 90.17. Kichongeo kidogo cha mkononi ni 8214.10, hata mwili wake ukiwa plastiki, kwa sababu kinachokata ni wembe wa chuma na namba ile inavitaja vichongeo vya penseli kwa jina. Raba ndiyo ya kuulizia kiwandani: ya mpira uliochomwa kwa salfa ni 4016.92, ya PVC ni 3926.10. Nyingi za rangirangi zenye harufu ni PVC. Kipochi laini cha plastiki ya karatasi, yaani plastiki nyembamba iliyotandazwa kama karatasi, ni 42.02.

Masharti matatu yanatimia: namba tofauti, kazi moja ya kuandika na kuchora kwa penseli, na kipochi kinauzwa kama kilivyo. Basi ni seti. Sifa kuu iko wapi? Raba ipo kwa ajili ya penseli. Kichongeo kipo kwa ajili ya penseli. Rula inaongoza penseli. Ondoa penseli, vilivyobaki havina kazi. Mimi naiweka 9609.10.

#5 Mhasibu_Ntinda

Mkuu KliaNakawa, hoja ni nzuri lakini ofisa anaweza kusema sifa kuu haionekani, kila kitu kina uzito sawa. Hapo unabaki na nini?

#6 KliaNakawa

Ndugu, hapo ndipo Kanuni ya 3(c) inaingia: sifa kuu ikishindikana kupatikana, chukua namba iliyo ya mwisho kwa mpangilio kati ya zile zinazostahili kufikiriwa. Tuna 39.26 au 40.16, 42.02, 82.14, 90.17 na 96.09. Ya mwisho ni 96.09. Njia zote mbili zinakufikisha mahali pamoja, na hilo liandike kwenye barua yako ya maelezo.

Hatari ya B iko kwingine: kipochi chenyewe. Kama ni kipochi cha kawaida chembamba, hakina tatizo. Ila siku hizi kuna vipochi vikubwa vya umbo la mwanasesere, vya manyoya, vyenye mifuko mitatu, na ndani penseli mbili za senti chache. Kipochi kina thamani mara nne ya vilivyomo, kina uzito zaidi, na ndicho mtoto anachokitaka. Sifa kuu hupimwa kwa aina ya malighafi, ukubwa, wingi, uzito, thamani na kazi ya kila kitu ndani ya seti. Ofisa akisema huu ni mfuko wa 42.02 wenye penseli za nyongeza, atakuwa na hoja. Bidhaa za ngozi na za jamii hiyo ni kati ya makundi yaliyolengwa na ngazi ya ushuru ya asilimia 35 iliyoanza Julai 2022, kwa hiyo usisubiri mshangao. Pima kipochi kitupu na vilivyomo, andika uzito na bei ya kila kimoja.

Na kinyume chake: kipochi chenye rula, kipimapembe na pembetatu mbili pamoja na penseli moja kinarudi 9017.20.

#7 NasserRd_Karatasi

Nikazie hapo kwenye vitu vya plastiki, maana kosa la pili kwa ukubwa baada ya "kila kitu 4820" ni "kila plastiki 3926.10". Namba hiyo ni ya vifaa vya ofisi na shule vya plastiki, na inavutia kweli. Lakini maelezo ya Sura ya 39 yanaondoa humo vitu vya Sura ya 90 na vya Sura ya 96. Rula ya plastiki yenye vipimo inabaki 90.17. Kalamu ya plastiki inabaki 96.08. Kinachobaki kwenye 3926.10 ni mafaili ya plastiki, raba za PVC, na visanduku vigumu vya penseli vilivyomiminwa kwenye kalibu. Nimesema vigumu kwa makusudi: 42.02 kwa vipochi vya aina hii inataka malighafi fulani, ikiwemo plastiki ya karatasi na nguo. Plastiki iliyomiminwa haimo. Kwa hiyo sanduku gumu na kipochi laini cha penseli vina namba mbili tofauti ingawa kazi ni ile ile.

Kwenye karatasi: daftari za shule ni 4820.20. Kaunta buku, rejista na shajara ni 4820.10. Kitabu cha mtoto cha kupaka rangi ni 4903, wala si 4820. Kitabu cha mazoezi chenye maswali yaliyochapwa na nafasi za kujazia majibu ni kitabu, 49.01. Daftari lenye mistari na mifano michache ya herufi za kuigiza mwandiko linabaki 4820.20. Tofauti hii ina fedha, kwa sababu vitabu vya 49.01 vina ushuru sifuri kwenye tarifu ya pamoja ya Afrika Mashariki, na daftari havimo kwenye sifuri hiyo. Mtu akiweka daftari kwenye 4901 anajitafutia kesi ya tamko la uongo.

#8 TarifuUG

Fungu C. Hili ndilo linanifurahisha kulifungua.

Penseli za rangi zilizo ndani ya mti: 9609.10. Kreyoni za nta zisizo na ganda: 9609.90. Makapeni: 9608.20. Rangi za maji za vidonge kwenye seti: 3213.10, na namba 32.13 inakubali seti za rangi zikiwa na brashi au bila brashi. Kwa hiyo mkoba ungekuwa na rangi za maji na brashi peke yake, jibu ni 3213.10 na mjadala umekwisha.

Wako una makundi manne ya vitu 12. Kazi ni moja, kupaka rangi. Umefungwa kwa rejareja. Ni seti. Sifa kuu? Hakuna kundi linalozidi jingine kwa idadi, na kwa kazi yote yanafanya jambo lile lile. Naona vigumu kumtetea mmoja. Kanuni ya 3(c): kati ya 32.13, 96.08 na 96.09, ya mwisho ni 96.09.

Haijaisha. Ndani ya 96.09 kuna penseli za 9609.10 na kreyoni za 9609.90. Kanuni ya 6 inasema kanuni zile zile zinarudiwa kwenye tarakimu sita. Kama penseli za rangi hazina ukuu juu ya kreyoni, ya mwisho ni 9609.90. Lakini muuzaji akibadilisha muundo, penseli za rangi 36 na kreyoni sita, basi sifa kuu inaonekana na jibu ni 9609.10. Ndiyo maana nasema usiidhinishe sampuli, halafu kiwanda kibadilishe idadi ndani ya mkoba bila kukuarifu. Namba inaweza kuhama.

Ukiona mkoba wa aina hii una udongo wa kufinyangia, huo ni 34.07 hata ukiwa wa kuchezea watoto. Ongezeko lake linaweza kuzua swali kama kupaka rangi na kufinyanga ni kazi moja. Mimi ningeutoa ndani ya mkoba nikauingiza peke yake.

#9 WakalaMalaba

Fungu D naomba nilichukue mimi. Jibu fupi: si seti. Gawanya.

Mtetezi wa D atasema hitaji moja ni "kwenda shule". Hitaji pana hivyo halikidhi sharti la pili. Begi ni la kubebea, kontena ni la chakula, chupa ni ya maji, daftari ni za kuandikia. Maelezo ya WCO yanakataa hata kikapu cha kopo la kamba, kopo la jibini na kopo la soseji, ingawa vyote ni chakula. Ni mkusanyiko tu wa vitu vilivyouzwa pamoja.

Na begi haliwezi kujificha kwenye Kanuni ya 5(a) kama lile sanduku la bati. Halikutengenezwa kwa umbo la vitu fulani, na lina matumizi yake lenyewe hata likitolewa kila kitu.

Basi mistari ya D ni hii. Begi la mgongoni la nguo au la plastiki ya karatasi, 4202.92. Kama ni ule mkoba mgumu wa shule wa kushika mkononi, 4202.12. Daftari 4820.20. Bolpeni 9608.10. Kontena la plastiki la chakula na chupa ya plastiki ya kutumia tena na tena, 3924.10. Chupa ikiwa ya chuma isiyohifadhi joto inahamia 73.23, na ikiwa ya kuhifadhi joto yenye ombwe, 96.17. Sanduku la hesabu lililo ndani linabaki seti kamili kwa haki yake, 9017.20. Kuvunjika kwa D hakulivunji lile dogo.

#10 Mhasibu_Ntinda

Nimeelewa. Sasa fedha. Muuzaji wa D anatoza bei moja kwa begi zima. Bei ya kila mstari itatoka wapi? Na kukosea namba kunagharimu kiasi gani?

#11 KliaNakawa

Nianze na gharama kwa hesabu ya mfano. Chukua mzigo wenye thamani ya CIF (bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli) ya dola 10,000.

Ushuru wa asilimia 10: dola 1,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa kwenye 11,000: dola 1,980. Jumla 2,980.

Ushuru wa asilimia 25: dola 2,500. VAT kwenye 12,500: dola 2,250. Jumla 4,750.

Tofauti ni dola 1,770 kwa mzigo mmoja. Sikuingiza kodi ya zuio ya asilimia 6 wala tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5, kwa sababu hizo hupigwa kwenye thamani ya forodha na hazihami namba inapohama. VAT inahama kwa sababu imebebwa juu ya ushuru. Hicho ndicho watu husahau wanapokadiria hasara.

Ngazi za tarifu ya pamoja ni 0, 10, 25 na 35. Lakini ukishapata namba, usiishie kwenye kitabu cha tarifu. Kila mwaka kabla ya Julai gazeti rasmi la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) hutoa orodha ya nchi zilizoruhusiwa kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo namba ile ile ya tarakimu nane inaweza kuwa na kiwango kimoja Kenya na kingine Uganda, mwaka huu hivi na mwaka ujao vingine. Tafuta jina la Uganda na namba yako kwenye gazeti la mwaka husika.

Kuhusu bei ya D: mwombe muuzaji ankara yenye mistari, kila kitu na bei yake, jumla ikilingana na kile utakacholipa benki. Iombwe kabla ya malipo, kwa sababu baada ya hapo hana haraka nawe. Asitengeneze bei za kubuni zinazosukuma thamani yote kwenye bidhaa ya ushuru mdogo. Ofisa ana bei za bidhaa kama hizo zilizokwishapita, na bolpeni nne zenye thamani kuliko begi zitamfanya afungue konteina. Nauli na bima hugawanywa kwenye mistari kwa uwiano, kwa hiyo mstari uliokosewa bei unaharibu mingine pia.

#12 DukaKikuubo

Nashukuru sana wakuu. Mawili zaidi. Kiwanda kinasema kitapunguza bei ya A kama nitaleta masanduku matupu kwenye katoni zake na vifaa kwenye katoni zake, kisha vipangwe hapa Kampala. Na je, nikinunua seti zilizopangwa Nairobi, cheti cha asili cha EAC kinanisaidia?

#13 TarifuUG

La kwanza: likatae, au ulipigie hesabu upya. Sharti la tatu linaanguka. Bidhaa zinazohitaji kufungashwa upya kabla ya kumfikia mnunuzi hazijawekwa kwa rejareja, kwa hiyo 3(b) haipo tena. Bikari, kipimapembe na rula zitabaki 90.17. Penseli zitakwenda 9609.10, vichongeo 8214.10, raba kwa malighafi yake, na masanduku matupu ya bati yatafuta namba yao peke yao. Punguzo la kiwanda linaweza kumezwa lote na ushuru wa mistari mipya. Kutia masanduku 12 yaliyokwisha kamilika ndani ya pakiti moja na pakiti hizo ndani ya katoni hakuna shida. Kinachotazamwa ni lile sanduku moja analonunua mzazi.

La pili: kufungasha na kupanga vitu ndani ya sanduku hakutoi uasili. Vifaa vilivyotoka China vikapangwa Nairobi bado ni vya China, na ushuru unalipwa. Daftari zilizotengenezwa Kenya kwa kutimiza kanuni za uasili ni habari nyingine, hizo zinaingia bila ushuru zikiwa na cheti.

#14 NasserRd_Karatasi

Nikumbushe pia kuwa namba ya HS haitoi msamaha wa VAT. Msamaha au kiwango sifuri cha VAT kinatoka kwenye sheria ya VAT ya Uganda na maneno yake. Mtu asidhani kwamba neno "shule" kwenye ankara linafuta VAT ya kalamu. Na viwango vya UNBS (shirika la viwango la Uganda) ni mlango mwingine kabisa: ukaguzi wa kabla ya kusafirisha, PVoC, uulizie kwa kila mstari kabla kiwanda hakijafunga katoni, kwa sababu cheti hicho hutafutwa mzigo ukiwa bado upande wa muuzaji.

#15 KliaNakawa

Kwa C na kwa B yenye kipochi kikubwa, mimi nisingesubiri mabishano. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004, kifungu cha 248A, inakuruhusu kumwomba Kamishna uamuzi wa awali wa namba kabla ya mzigo kuja. Andaa barua inayotaja bidhaa, kila kilichomo kwa idadi, malighafi, uzito na bei. Ambatisha sampuli moja iliyofungwa kama itakavyouzwa, picha ya nje na ya ndani, katalogi ya kiwanda na ankara ya awali. Taja namba unayoipendekeza na kanuni uliyoitumia, hatua kwa hatua, kama tulivyofanya hapa. Barua isemayo tu "naomba namba ya seti za shule" itarudi na maswali.

Kinachoharibu maombi mengi ni sampuli isiyofanana na mzigo. Uamuzi unahusu kile kilicholetwa mezani. Makapeni 12 yakigeuka 24, umejibiwa kuhusu bidhaa nyingine.

Ikiwa mzigo umekwisha fika na ofisa amebadilisha namba, usibishane kaunta. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna akapitie uamuzi, naye ana siku 30 za kukujibu. Usiporidhika, kifungu cha 230 kinakupeleka kwenye baraza la rufaa za kodi ndani ya siku 45. Wakati huo uliza kuhusu kutolewa mzigo kwa dhamana ili seti zisikae ghalani hadi muhula umeanza.

#16 WakalaMalaba

Na wenye mizigo waelewe kifungu cha 148: mwenye mali anabeba matendo ya wakala wake. Tamko la uongo, kifungu cha 203, lina adhabu ya hadi miaka mitatu gerezani au faini ya hadi dola 10,000. Mizigo kutoka salama Malaba hakufungi faili. Forodha inaweza kuitisha nyaraka ndani ya miaka mitano tangu mzigo uingie. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tunza sampuli moja ya kila seti pamoja na tamko lake, ankara na barua za kiwanda. Miaka mitatu baadaye, ile sampuli ndiyo itakayoonyesha kwamba kipochi kilikuwa chembamba.

#17 DukaKikuubo

Nimeandika maelezo ya mistari upya, naomba mnisahihishe:

A: "Seti ya vifaa vya hesabu ndani ya sanduku la bati, kwa rejareja: bikari, divaida, pembetatu 2, kipimapembe, rula, penseli, raba, kichongeo." 9017.20.00.

B: "Seti ya kuandikia ndani ya kipochi cha PVC, kwa rejareja: penseli 2, raba, kichongeo, rula." 9609.10.00.

C: naomba uamuzi wa awali kwanza, nikipendekeza 9609.90.00.

D: imegawanywa mistari sita kwa ankara mpya: begi, daftari, bolpeni, kontena, chupa, na sanduku la hesabu.

#18 TarifuUG

A iko vizuri. Kwenye B ongeza malighafi ya raba na neno "plastiki laini ya karatasi" kwa kipochi, ili anayesoma asilazimike kufungua katoni kujua. Na kumbuka kipimo chake ni kilo, si idadi ya vipochi.

Kwenye D, kontena na chupa zote ni 3924.10.00, zina asili moja na kiwango kimoja, hivyo zinaweza kukaa mstari mmoja mradi maelezo yataje zote mbili na idadi ya kila moja. Sanduku la hesabu la D liunganishe na mstari wa A kama ni modeli ile ile kwa bei ile ile, na ujumlishe idadi. Kama bei inatofautiana, liache peke yake, vinginevyo mstari wa A utaonyesha bei ya wastani ambayo haipo kwenye ankara yoyote.